Mtoto Anayecheza Hapotezi Wakati

Majuzi, yapata saa tatu usiku, nilimkuta binti yangu mwenye umri wa miaka minne amelala juu ya daftari, penseli ingali kati ya vidole vyake. Shuleni alikuwa ameagizwa aandike tarakimu kutoka 1 hadi 50, mara tatu. Alikuwa amefika 34 katika mara ya pili. Nilimbeba nikamlaza kitandani. Kisha nilifanya jambo ambalo naona haya kulisimulia mbele ya walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu: niliketi nikaimaliza kazi ile mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko upotoke kama wa mtoto. Kesho yake daftari lilirudi na alama ya vyema na nyota nyekundu. Nyota hiyo, msomaji mpendwa, alitunukiwa mhadhiri wa isimu mwenye shahada ya uzamifu.

Simlaumu mwalimu yule, wala shule yake sitaitaja. Shule hiyo niliichagua mimi. Nilikwenda kuitazama siku ya wazazi, nikawaona watoto wa miaka mitano wamesimama mstari mmoja wakikariri majina ya miezi, ya sayari na ya viungo vya mwili kwa Kiingereza, nikajiambia kwamba hapa ndipo penye elimu. Nililipa karo siku iyo hiyo. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu jinsi mtoto anavyojifunza lugha, niliyasahau yote pindi nilipofika kwenye lango la chekechea. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mganga hajigangi.

Naishi Mwiki. Ziko Mwiki mbili: ile ya Kasarani, upande wa Nairobi, na hii yetu iliyo wadi katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Wanaozikumbuka sehemu hizi za Ruiru watakwambia kwamba zilikuwa nchi ya mashamba makubwa kabla ya mashamba hayo kukatwa vipande na kuuzwa. Kipande kikawa ploti ya futi 50 kwa 100, na juu ya ploti pakaota jumba la vyumba vya kupangisha. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu, na miji iliyo kando ya barabara kuu ya Thika imewapokea wengi wao. Mwenye ploti ana hesabu zake: kila futi isiyojengwa ni kodi iliyopotea. Basi hujenga hadi mpakani, na mtoto anayezaliwa katika ghorofa ya nne hurithi varanda iliyozungushiwa vyuma, ngazi zenye giza, na njia ambamo bodaboda na matatu hushindana. Uwanja haumo katika ramani ya maisha yake. Hata baadhi ya shule zimo katika ploti za namna hiyo: madarasa yamepanda juu, na mahali pa kuchezea ni pale basi la shule linapoegeshwa.

Hatua chache kutoka kwangu anaishi mama mmoja mtu mzima ambaye watoto wote humwita Cucu. Huwalea watoto wa majirani ambao huondoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Jumamosi iliyofuata kisa cha daftari nilimpeleka binti yangu kwake, kwa kuwa nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilikusudia kumwacha na kwenda zangu. Nilikaa saa mbili.

Uani mwa Cucu palikuwa na rundo la mchanga lililoachwa na mafundi wa ujenzi. Watoto sita, mkubwa wao ana miaka sita na mdogo hajatimiza mitatu, walikuwa wamelivamia. Walikuwa na sufuria iliyotoboka, vifuniko vya chupa, magunzi ya mahindi, kipande cha leso na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Walikuwa wakicheza kalongolongo, mchezo ule wa mama na baba ambao wengi waliokulia sehemu hizi waliwahi kuucheza. Mmoja alipika, mwingine alikuwa kondakta, wa tatu alikuwa mgonjwa. Binti yangu alisimama kando akitazama, dakika tano, dakika kumi. Mkono wangu ulitaka kumsukuma. Cucu aliniona.

"Mwache, Mwalimu," aliniambia huku akichambua sukuma wiki. "Anawasoma. Akishawasoma ataingia."

Aliingia kweli, na cheo chake cha kwanza kilikuwa abiria asiye na nauli.

Nilimtazama mama huyo kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapokwenda mazoezi ya kufundisha. Alifanya mambo machache sana. Alinieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya watoto kutoka, hulizunguka rundo lile akaokota misumari na vipande vya vioo. Lango la ploti lilikuwa na komeo. Watoto walipoigombania sufuria alinyamaza. Ugomvi ulidumu kama dakika mbili, ukaisha kwa mapatano kwamba sufuria ni ya hoteli na kila mtu atapika kwa zamu. Yule mdogo alipojaribu kulipanda rundo na kuteleza mara tatu, hakumnyanyua. Alisogea tu karibu. Mara ya nne mtoto alifika kileleni mwenyewe, akageuka kutazama kama ameonwa. Alikuwa ameonwa. Lakini mkubwa mmoja alipoelekeza kijiti kwenye jicho la mwenzake, Cucu alifika kabla mimi sijainuka. "Hiyo hapana," alisema, akakitwaa kijiti, akarudi kwenye mboga zake.

Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha. Akacheka. "Mimi sikusomea kazi hii, Mwalimu. Lakini nimelea. Mtoto ukimshika mkono kila wakati, atajuaje kwamba ana mkono wake?"

Sasa niseme nilichokisikia, maana hapo ndipo taaluma yangu ilipoamka. Watoto wale walitumia Kiswahili, Kikuyu na Sheng, wakihama kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujikwaa. Neno lililorudi mara nyingi katika vinywa vyao ni "eti". "Eti mimi ni daktari." "Eti hapa ni Githurai." "Eti umekufa." Sisi watu wazima hulitumia neno hili tunaponukuu maneno tusiyoyaamini. Mtoto hulitumia kufungulia mlango: huwaarifu wenzake kwamba kuanzia sasa maneno hayatasema yaliyopo bali yanayodhaniwa, nao hukubali. Hiyo ni kazi nzito ya akili. Mtoto anayesema "eti mchanga huu ni unga" anajua kwamba mchanga ni mchanga, anajua pia kwamba ni unga, na anajua ni wakati gani ashike lipi. Kusoma hakuko mbali na jambo hilo. Kusoma ni kukubali kwamba alama hizi za wino, eti, ni sauti. Na kwamba sauti hizo, eti, ni simba. Anayekosa mazoezi ya "eti" mchangani atafika kwenye herufi akiwa na macho bila ufunguo.

Nilisikia pia: "Wewe uwe mtoto, mimi niwe mama." "Usilie mpaka nikudunge sindano." "Kama huna pesa utashuka." Humo mna kuamuru, kukataza, kuweka sharti na kupatana. Sasa tuingie darasani. Mwalimu husema, "Kabla ya kula tunanawa mi...?" na watoto arobaini huitikia kwa pamoja, "...kono!" Husema tena, "Hii ni rangi nye...?" nao, "...kundu!" Mnamo mwaka 1975 wanaisimu John Sinclair na Malcolm Coulthard wa Chuo Kikuu cha Birmingham walionyesha kwamba mazungumzo mengi ya darasani huenda kwa hatua tatu: mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu, mwalimu hulitolea jibu hukumu. Sisi tumeifupisha hata hatua ya pili, tukamwachia mtoto silabi mbili za mwisho. Katika saa mbili za mchangani binti yangu aliuliza, alikataa, alibembeleza, alidanganya na alisimulia. Katika daftari lake la tarakimu hapana nafasi ya kufanya hata moja kati ya hayo.

Yumkini lugha yetu nayo imetuchezea shere. Tukisema jambo fulani "si mchezo", maana yake ni kwamba ni zito. "Usinichezee" ni onyo. Mcheza na tope, tunaambiwa, humrukia. Kwa hiyo mzazi akisikia kwamba watoto "wanacheza tu" hudhani kwamba karo yake inaliwa. Lakini kitenzi hiki kina maana nyingine ambayo mafundi wanaijua vyema. Seremala akisema kwamba bawaba inacheza, ana maana kwamba ina nafasi ya kusogea. Bawaba isiyosogea hata kidogo haifungui mlango. Inayocheza mno huuangusha. Mlezi mwema, kama fundi, hutafuta kiasi. Uhuru wa mtoto ninaoutetea ni nafasi ya namna hiyo: achague mwenyewe acheze nini, acheze na nani, kwa muda gani na aache lini, ndani ya mpaka ambao mtu mzima ameuweka na anaulinda.

Wako watakaodai kwamba haya ni mawazo ya Wazungu. Ni kweli kwamba wameyaandika. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, jijini Roma, ndani ya jumba la wapangaji wa kipato cha chini, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Hali hiyo mkazi wa Mwiki anaielewa bila mkalimani. Montessori aliwatengenezea watoto viti na meza za kimo chao, akaweka vifaa mahali wanapoweza kuvifikia, akawaacha wachague. Leo jina lake limepakwa rangi kwenye malango mengi ya miji yetu, ingawa mara nyingi hukumbukwa tu wakati wa kupanga karo. Naye Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alieleza katika mhadhara wa mwaka 1933 kwamba mtoto akiwa mchezoni hutenda mambo yanayoupita umri wake. Sababu yake ni kwamba mchezo wa kuigiza una kanuni, na mtoto huzitii kanuni hizo kwa hiari, hata zikimnyima anachokitaka. Abiria asiye na nauli lazima ashuke, japo anatamani kuendelea na safari. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Lakini Waafrika hawakungoja mhadhara huo. Vijana waliochunga mifugo pamoja, wakubwa kwa wadogo, walifinyanga ng'ombe wa udongo na kujenga vijumba vya matawi mbali na macho ya wazee. Huko pwani watoto wamecheza ukuti, kombolela na mdako kizazi baada ya kizazi. Sitaki kuyapamba maisha ya zamani: watoto hao walifanya kazi, na wengine waliumia. Nasema tu kwamba wazo la kumwachia mtoto nafasi si mgeni aliyeshuka jana kutoka melini. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti aliowalinganisha humo watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Waliombwa kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliwashinda wenzao. Kwa waya Wazambia wakawashinda Waingereza. Kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawa kwa sawa. Wavulana wa Lusaka walikuwa na desturi ya kujitengenezea magari ya waya, na hakuna mwalimu aliyewapa kazi hiyo. Akili iliyokuzwa na mchezo haikuonekana mpaka alipotokea mtu wa kuwapa waya badala ya kalamu. Ni wangapi tunaowaandikia "amejikaza" au "hajafikia" kwa kuwa kalamu ndiyo mizani pekee tuliyo nayo?

Methali zetu zenyewe zimeshindana juu ya jambo hili. "Samaki mkunje angali mbichi" ni methali ya mfinyanzi wa tabia, na walimu tunaipenda. Lakini iko pia ile ya "Mtoto akililia wembe, mpe". Hakuna mzazi mwenye akili anayempa mtoto wembe. Waliotunga methali hiyo walijua tu kwamba kuna elimu ambayo haiwezi kukabidhiwa kwa maneno. Malezi yanazihitaji methali zote mbili. Shule zetu za watoto wadogo zimechukua ya samaki zikaitupa ya wembe.

Tulifikaje hapa? Chekechea zetu nyingi zilikuwa matunda ya Harambee. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wananchi walijenga madarasa wenyewe na kuwalipa walimu, wengi wao wanawake, kwa michango. Mwaka 1980 elimu hiyo iliwekwa chini ya Wizara ya Elimu, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya. Lakini mwaka uliofuata, 1985, ulianza mfumo wa 8-4-4 na mtihani wa KCPE, na kivuli cha mtihani huo kikazidi kurefuka kuelekea chini. Kufikia miaka ya tisini shule nyingi za msingi zilikuwa zikiwasaili watoto wa miaka sita kabla ya kuwapokea: soma hapa, andika jina lako, hesabu hadi mia. Shule ya chekechea ikageuka chekeche, chombo cha kuchunga watoto kama unga, wengine wapite na wengine wabaki juu ya wavu.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 katika chekechea na madarasa ya chini, unawapa watoto wa miaka minne na mitano vipindi vya dakika 30, na masomo yao unayaita shughuli. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inaitambua haki ya mtoto ya kucheza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaitaja haki hiyo katika kifungu cha 31, na tangu mwaka 2024 tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Kwa maandishi, mtoto wa Kenya ni tajiri. Mtihani tumeuzika, hofu yake haijazikwa.

Hofu hiyo ina sababu, na si haki kuipuuza. Baada ya ile Jumamosi nilikwenda kumwona mwalimu wa binti yangu. Nilimkiri dhambi yangu ya mkono wa kushoto. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Mzazi," aliniambia, "mimi najua kwamba tarakimu hizo ni nyingi. Chuoni tulifundishwa kutumia michezo. Lakini mzazi akifungua daftari akalikuta tupu, muhula ujao mtoto yuko shule jirani. Na mshahara wangu umo ndani ya karo ya mtoto huyo." Sikuwa na jibu. Nilikumbuka mwenyewe siku ile ya wazazi, nilivyosimama nikipiga makofi. Wanaonunua ni sisi. Mwalimu anauza kile tunachokiulizia.

Wengine watasema kwamba mama mmoja mwenye watoto sita na rundo la mchanga hawezi kuwa kielelezo kwa mwalimu mwenye watoto arobaini katika chumba cha mabati. Nawaelewa, ila nawakumbusha mfano wa Mombasa. Katika miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Kiislamu huko walitaka watoto wao wajiandae kwa shule ya msingi bila kupoteza malezi ya dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Swafiya Said, chekechea za madrasa zilianzishwa mitaani, zikaenea hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa, mbegu na matambara. Darasa liligawanywa pembe: hapa pa kupika na kuuza, pale pa kujenga, kule pa vitabu, na mtoto alipewa wakati wa kuchagua pembe yake. Hayakuwa mazingira ya matajiri. Kilichogharimu ni mafunzo ya walimu na subira ya kuwaeleza wazazi.

Kwa walimu wenzangu, basi, nasema haya. Kwanza, toeni wakati usiokatizwa. Mchezo wa kuigiza huhitaji muda wa kugawana vyeo kabla haujaanza, na dakika kumi za mapumziko huisha watoto wakiwa bado wanabishana ni nani atakuwa dereva. Pili, andaeni mahali. Lipekueni eneo mapema, ondoeni kinachoweza kudhuru kweli, kisha msiendelee kupiga kelele kwa kila kinachoweza kuchafua. Tatu, pendeleeni vitu visivyo na kazi moja. Gari la plastiki ni gari. Gunzi la hindi ni simu, ni mtoto mchanga, ni kisu cha upasuaji. Nne, tazameni kabla ya kusema. Mtoto anayejaribu kufunga kifungo kwa mara ya tatu hahitaji vidole vyetu, anahitaji tungoje. Tano, mkialikwa mchezoni, ingieni kama wageni: ulizeni "mimi niwe nani?" na mtii mtakachoambiwa. Na mtoto asiyependa kucheza leo aachwe akae. Kutazama nako ni kushiriki.

Haya hayamnyang'anyi mwalimu kazi yake. Mwalimu anayetazama kwa makini ataona ni nani hasikii vizuri, ni nani hasemi katika lugha yoyote, ni nani daima anaigiza baba anayepiga. Daftari la tarakimu halina macho ya kuona hayo.

Kwa wanafunzi wa vyuo vya ualimu nina ombi moja. Mtakapopelekwa mazoezini, tengeni saa moja mkae kando ya watoto wanaocheza bila kuongozwa, mkiwa na kalamu, na mwandike kila wanachosema katika lugha wanayokisemea. Msisahihishe neno. Kisha linganisheni ukurasa huo na maandishi ya kipindi chochote mlichofundisha siku hiyo, mhesabu ni mara ngapi mtoto aliuliza swali katika kila ukurasa. Hesabu hiyo itawafaa kuliko mihadhara yangu.

Kwa serikali ya kaunti, na kwa wanaopitisha ramani za majengo katika Ruiru, swali ni la ardhi. Shule ya umma ikijengwa bila uwanja, au uwanja wake ukimegwa, hakuna mtaala utakaoliziba pengo hilo. Mtoto hawezi kucheza juu ya karatasi ya sera.

Na kwa wazazi wenzangu wa Mwiki: mwalimu yule aliniomba nimsaidie kwa jambo moja tu, nizungumze katika mkutano ujao wa wazazi, kwa kuwa wataniamini zaidi nikiwa na shahada. Nimekubali. Nitawasimulia habari ya mkono wa kushoto, na nitawaomba tusiulize tena "leo umeandika nini?" mtoto anaporudi nyumbani, bali "leo ulicheza nini, na nani?" Sitarajii wote wakubali. Binti yangu bado huleta tarakimu, ingawa sasa ni mara moja hadi 20, na usingizi ukimshika namwandikia mwalimu kwa jina langu na kwa mkono wangu wa kulia kwamba mtoto amelala. Jumamosi tunakwenda kwa Cucu. Mwenye ploti ameahidi kuja kulichukua rundo lake la mchanga ajengee ghorofa nyingine. Tumemsihi atuachie japo karai mbili.